Mgeni wa Pili wa Chumba Namba Tisa

Dereva wa teksi alibakiwa na jicho moja la kutazamia. La pili lilikuwa limevimba mpaka kope zimebanana, na damu ilikuwa imekauka kwenye ukingo wa pua. Inspekta alivuta kiti, akakaa mbele yake, akamsogezea kikombe cha maji.

"Nani amekufanya hivi?"

Dereva akaelekeza kidole mlangoni. Hakuwa na haja ya kutaja mtu. Huko ukumbini, kaka wa mwanamke aliyepotea alikuwa ananguruma tangu asubuhi kwamba kama polisi kazi imewashinda, basi wampe yeye funguo za mahabusu, atawarudishia baada ya muda mfupi.

Kituo kizima kilimwita inspekta huyu Kobe. Wengine walisema ni kwa sababu hajawahi kuonekana akikimbia. Wengine walisema ni kwa sababu popote aendapo huenda na nyumba yake mgongoni, na ndani ya nyumba hiyo hakai mtu mwingine. Mwenyewe jina alilipokea bila kuuliza maana.

"Anza upya, ndugu yangu. Taratibu. Ulimchukua wapi?"

"Dukani kwao, afande. Yule dada fundi wa miwani. Ijumaa, walipofunga kazi. Alikuwa na begi moja la magurudumu. Wenzake wakamsindikiza mpaka garini, vigelegele juu, utadhani bibi harusi anapelekwa fungate. 'Msalimie shemeji! Safari hii lazima tumwone!' Yeye anacheka tu."

"Ukampeleka wapi?"

"Ile hoteli ya mapumziko huko mashambani, penye maji ya moto. Nikamshusha getini."

"Njiani mlimpakia nani?"

"Hatukumpakia mtu."

"Alizungumza na nani?"

"Na mimi, kidogo. Aliniuliza mtu akiingia kwenye chumba cha mvuke huwa anavaa nini. Nikamwambia, dada, mimi mvuke ninaoujua ni wa rejeta." Dereva alijaribu kutabasamu, mdomo ukamuuma, akaacha. "Afande, mimi ni dereva wake. Akiwa na safari ananipigia, nampeleka, namrudisha, basi. Anakaa kiti cha nyuma siku zote. Leo mke wangu kaja hapa. Kasimama pale, kanitazama, kaacha nguo safi, kaondoka. Hakusema neno. Mwanamke yule tangu nimuoe hajawahi kukosa la kusema."

Kobe akamwacha na maji yake, akatoka ukumbini.

Kaka mtu alikuwa pande la mtu, mwenye mikono ya kubeba mbao, na vifundo vya vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimechubuka. Alisimama hata kabla hajaulizwa.

"Amekiri?"

"Kaa kwanza. Nani alikwambia kwamba huyu ndiye mchumba wa dada yako?"

"Nani aniambie? Mwaka mzima tunasikia mchumba, mchumba. Leo yuko safarini, kesho ana kazi ya zamu, keshokutwa anaumwa. Mtu anayejificha hivyo ni mume wa mtu, inspekta. Na kila nikimpigia dada yangu simu, namsikia yumo garini na mwanaume, na mwanaume mwenyewe ni huyo huyo. Jana hakutokea kazini, simu hapokei. Lisemwalo lipo. Kama halipo, laja."

"Ulimwona lini mara ya mwisho?"

Kaka mtu ilibidi afikiri. "Harusi ya binti yangu."

"Mliongea nini?"

"Mambo ya kawaida. Nilimtania mbele ya watu: mtoto wa jana kakupita, na wewe lini? Watu wakacheka. Akasema wikendi ya mwisho wa mwezi wanakwenda kupumzika wawili hotelini, wakirudi bwana atakuja kuposa." Akatazama sakafu. "Alikuwa anaipanga hiyo wikendi kama mtu anayejenga nyumba. Ananitumia picha za bwawa, picha za chumba. Nikamjibu kwamba sitaki picha za bwawa, nataka picha ya bwana."

Sajini, msaidizi wa Kobe, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha kijiji, alimfuata inspekta mpaka kwenye gari. Hoteli ilikuwa imekataa kutoa habari za wageni kwa simu. Wafanyakazi wenzake yule fundi wa miwani walikuwa wamehojiwa asubuhi, na wote walisema vivyo hivyo: mchumba yupo, hawajamwona. Mkuu wa kituo alikuwa ameanza kutamka neno mauaji, na alitaka kesho dereva apandishwe mahakamani.

"Niende na wewe?" aliuliza Sajini.

"Baki. Kaka mtu asimkaribie dereva tena."

Barabara ya mashambani ilikuwa nyeupe na ndefu. Kobe aliendesha redio ikiwa imezimwa. Hoteli aliiona kwa mbali kabla hajaifikia, paa jekundu chini ya kilima, na moshi mwembamba ambao alipokaribia alikuta ni mvuke.

Ndani, maji yalikuwa yanateremka juu ya mawe meusi na hewa ilinukia mafuta ya maua. Msichana wa mapokezi alijitahidi kutabasamu.

"Karibu sana. Mko wawili?"

"Niko mmoja."

"Samahani. Wengi wanaokuja hapa huja wawili wawili."

Kobe akaweka kitambulisho chake juu ya meza. Tabasamu likapungua.

"Namtafuta mwanamke aliyefika Ijumaa jioni. Fundi wa miwani."

"Wa chumba namba tisa? Wapo."

Kobe, ambaye alikuwa ameshafungua mdomo kwa swali la pili, aliufunga. "Wapo?"

"Wapo chumbani, yeye na bwana wake. Kile kibao cha 'Tafadhali tusisumbuliwe' bado kinaning'inia mlangoni, na kanuni yetu kibao kikiwepo hatugongi."

"Kimening'inia tangu lini?"

"Jumapili."

"Leo Jumanne. Wameagiza chakula?"

Msichana akafikiri, na uso wake ukaanza kubadilika. "Hapana. Tulijua wameongeza siku. Wapenzi, afande, wana mambo yao. Kuna wanaoshinda na matunda tu."

"Huyo bwana wake ulimwona?"

"Ijumaa alikuwa bado yuko njiani. Jumamosi asubuhi alikuwa amelala. Jioni kichwa kilikuwa kinamuuma. Lakini walizungumza kwa simu wakati wa chakula, nilimsikia dada mwenyewe: 'Shuka basi mpenzi, chakula kinapoa.' Alikuwa ameandaliwa meza ya watu wawili."

"Hayo ya kulala na kichwa kuuma nani alikwambia?"

"Yeye."

"Sikuulizi aliyokwambia. Wewe, kwa macho yako, ulimwona?"

"Mimi..." Akavuta pumzi. "Mimi sikumwona."

"Lete ufunguo."

Kabla hawajafika chumbani walikutana na mkandaji ukumbini, mama mwenye mikono mipana, amebeba taulo. Kobe alimsimamisha, akamuuliza kama alimhudumia mgeni wa namba tisa.

"Jumamosi mchana. Walikuwa wamepanga kukandwa pamoja, bibi na bwana, nikatandika vitanda viwili. Akaja peke yake. Nikataka kukiondoa kitanda cha pili, akaniomba nikiache. Mgongo wake ulikuwa mkavu kama ubao. Nilipofika mabegani akaanza kulia. Nikamuuliza, nimekuumiza? Akasema, hapana mama, endelea tu, ni siku nyingi."

"Siku nyingi nini?"

"Hakumaliza. Na mimi sikumuuliza. Niliongeza mafuta, nikaendelea hata baada ya zamu yake kwisha."

Kibao kilikuwa mlangoni kweli. Kobe aligonga, akaita, akangoja, akafungua.

Hapakuwa na mtu, na hapakuwa na dalili ya ugomvi. Kitanda kilikuwa kikubwa, kimelaliwa upande mmoja. Mto wa upande wa pili ulikuwa umejaa, haujawekewa kichwa, ila ulinukia manukato ya kiume. Kabatini lilitundikwa shati la mwanaume, mistari ya kukunjwa dukani ikiwa bado imekaa, na pini moja ndani ya kola. Chini yake palikuwa na ndara za ngozi za kiume. Kobe akazigeuza. Nyayo zilikuwa safi kama sahani, na kile kikaratasi cha duka hakijabanduliwa. Bafuni alikuta miswaki miwili kwenye glasi. Mmoja nywele zake zilikuwa zimelala kwa matumizi. Wa pili zilisimama wima zote, kama askari wa gwaride.

Simu ya mwanamke ilikuwa mezani, kwenye chaji. Haikuwa na namba ya siri. Kobe alilitia hilo akilini: mtu afungaye simu ana mtu wa kumfungia. Tangu Jumapili zilikuwa zimerundikana simu za kaka na za wenzake wa kazini, hakuna hata moja iliyopokelewa. Lakini Jumamosi jioni, wakati ule mpenzi alipoitwa ashuke chakula kinapoa, simu ile haikupiga wala kupigiwa. Kitu pekee kilichoingia siku ile nzima kilikuwa ujumbe wa kampuni ya simu, kumtakia mteja wao mpendwa wikendi njema.

Akampigia Sajini.

"Umempata mwanaume?" Sajini hakungoja salamu.

"Hakuna mwanaume."

"Ametoroka?"

"Hajawahi kuwepo."

Sajini akashusha sauti, jambo ambalo kwake halikuwa la kawaida. "Sasa mkuu nimwambie nini? Anaandaa karatasi za dereva. Kaka mtu kaapa mbele ya watu kwamba amemsikia huyo bwana kwa masikio yake."

"Mwambie asubiri nimpate mwanamke."

"Na kama amekufa?"

"Mwambie asubiri," alirudia Kobe, akakata simu.

Msichana wa mapokezi alikuwa amesimama kizingitini, ameshika mdomo. Kobe akamgeukia. "Jumapili. Nini kilitokea kabla kibao hakijatundikwa?"

"Hakuna, afande. Walikuja tu wageni wao."

"Wageni gani?"

"Wanawake wa kazini kwake. Walileta keki, wakasema wamekuja kumfumania shemeji kwa furaha, leo hana pa kukimbilia. Wakacheka sana. Nikapiga simu chumbani nikamwambia. Akasema, 'Waambie wasubiri, tunavaa.' Wakasubiri, wakapiga picha bustanini, wakachoka. Nikapiga tena, hakupokea. Nikaenda, nikakuta kibao. Wakaondoka wamenuna na keki yao. Wakasema bora mtu akwambie wazi kwamba hakutaki."

Wanawake wale hawakumtajia Sajini habari hiyo asubuhi. Nani anapenda kusimulia alivyofukuzwa bila kufukuzwa?

Kobe aliacha kuuliza, akaanza kutazama. Pazia la upande wa bustani lilikuwa limefungwa, lakini nyuma yake mlango wa kioo haukuwa umekazwa komeo. Hoteli ilimpa kila mgeni vazi la taulo na sapatu za kitambaa. Hapa palibaki vazi moja na jozi moja, bado ndani ya mfuko wake. Begi lilikuwepo, viatu vyake vilikuwepo, pochi ilikuwepo. Mtu anayetoroka kwenda mbali havai sapatu za kitambaa. Alitoka ili afiche uso mpaka wageni waondoke, hakutoka ili asirudi. Na kama hakurudi, basi kitu kilimzuia hapo hapo karibu.

Akatoka nje. Kushoto ukuta uliishia kwenye maegesho, ambako siku ile palikuwa na gari la wenzake. Kulia palikuwa na mabwawa, na Jumapili mabwawa yalijaa wageni wawili wawili. Mbele palikuwa na ua wa miti, mahali pamoja umepungua, na nyuma yake kijia cha kupanda kilimani.

"Kule kuna nini?"

"Bafu la zamani, afande. Lilikuwepo kabla hoteli haijajengwa. Limefungwa kwa mnyororo, sakafu imeoza. Haendi mtu."

"Basi ndiko alikokwenda. Ita gari la wagonjwa na watu wa machela."

"Afande, kwani..."

"Ita."

Kobe akajipenyeza kwenye pengo la ua. Kila mtu, alijiambia akipanda, kila mtu alikuwa anamtafuta mwanaume: kaka mtu, wanawake wa keki, mkuu wa kituo, na yeye mwenyewe mpaka adhuhuri ile. Siku mbili hakuna aliyekuwa akimtafuta mwanamke.

Katikati ya kijia aliokota sapatu nyeupe, imeingia tope. Ilikuwa ya kushoto. Hapo waliomwona kazini miaka yote wangeshangaa, kwa sababu Kobe alikimbia.

Bafu la zamani lilikuwa kibanda cha mawe, mlango umelala upande. Mnyororo ulikuwa chini kiasi cha mtu kuuruka. Chini ya kilima mashine za kuvutia maji zilinguruma bila kupumzika.

"Dada!" aliita. "Dada wa miwani! Ni polisi!"

Mashine zikanguruma. Akaita tena, akatega sikio. Halafu ikaja sauti kavu, kama ya mtu aliyeisahau namna ya kuitumia.

"Uko na nani?"

"Niko peke yangu."

"Kweli?"

"Kweli."

"Ingia kwa pembeni. Katikati mbao zitakuvunjikia."

Alikuwa amekaa sakafuni, vazi la taulo limegeuka rangi ya udongo, mguu wa kulia umezama kati ya mbao zilizovunjika mpaka juu ya kifundo. Karibu naye maji ya vuguvugu yalichuruzika ukutani. Hayo ndiyo yaliyomweka hai. Kobe alivua koti akamfunika mabega, akachunguza mguu bila kuugusa. Ulikuwa umevunjika.

"Watu wanakuja na machela. Hutakaa sana. Uliita?"

"Jumapili mchana sikuita. Mashine zilikuwa bado hazijawashwa, niliwasikia wako bustanini wanacheka. Nikasema wakiondoka nitaita. Walipoondoka mashine zikawashwa; nikaita, zikanishinda. Usiku nikaita. Jana nikaita mpaka sauti ikakauka." Alijaribu kumeza. "Nikajiambia watagundua chumba kitupu. Halafu nikakumbuka kibao."

Kobe alimrekebishia koti mabegani.

"Mmeingia chumbani?"

"Tumeingia."

"Kwa hiyo umeona."

"Nimeona."

Akageuza uso ukutani. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye vidole vyembamba vya mtu anayeshughulika na vitu vidogo, na vidole hivyo vilikuwa vinavuta uzi wa vazi bila kukoma. "Nisaidie kitu kimoja, kaka yangu. Andika kwamba tuligombana. Kwamba aliniacha hapa akaenda zake. Wanaume huacha wanawake kila siku, hakuna atakayeshangaa."

"Sitaweza."

"Kwa nini? Utamdhuru nani? Mwenyewe hayupo."

"Yupo. Wamempata." Kobe alichuchumaa ili wawe sawa. "Dereva wa teksi. Kaka yako kamvimbisha jicho, na kesho atapelekwa mahakamani kwa kukuua. Mke wake kaja kituoni, kaacha nguo, kaondoka bila kusema neno."

Vidole vikasimama. "Yule? Yule masikini wa watu aliyeniambia mvuke anaoujua ni wa rejeta?"

"Huyo huyo."

"Lakini yeye hajawahi hata kuniuliza kama nimeolewa!" Na hapo ndipo alipolia, si kwa sababu ya mguu. "Katika watu wote ninaowajua. Ndiyo maana nilipenda kupanda gari lake."

Kobe alimwacha alie. Baadaye akasema, "Naweza kuandika kwamba dereva hahusiki. Wewe kuwa hai kunatosha kumtoa ndani. Lakini kaka yako atatafuta mwanaume mwingine, na mke wa dereva ataendelea kuamini alichokiamini leo. Hayo siwezi kuyaondoa kwa kalamu."

Mwanamke alijifuta uso kwa mkono wa koti la inspekta. "Nipe simu."

Kobe alimpigia Sajini, akamwambia maneno machache, akamwambia ampe simu kaka mtu, kisha akaweka sauti ya nje, akampa mwanamke.

"Uko hai?" Sauti ya lile pande la mtu ilitoka nyembamba. "Ni wewe? Uko hai?"

"Niko hai, kaka. Nimevunjika mguu tu."

"Alhamdulilahi. Yuko wapi huyo mshenzi?"

"Hayupo."

"Kaenda wapi? Nitajie jina lake tu, mengine niachie mimi."

"Kaka, nisikilize. Hayupo. Hakuwahi kuwepo. Nilimtunga."

Kule kituoni palisikika kiti kikisogezwa. "Ulimtunga vipi? Si nimekusikia ukiongea naye?"

"Ulinisikia nikiongea na dereva. Namwelekeza njia. Nilinunua shati mwenyewe. Ndara nilinunua mwenyewe. Nilipanga chumba, meza, kila kitu cha watu wawili, mwenyewe."

"Kwa nini?" Haikuwa hasira tena. "Uliniogopa?"

"Sikukuogopa. Nilichoka kuulizwa."

Kobe alitazama mlangoni kana kwamba anawangoja watu wa machela.

"Dereva," mwanamke akaendelea. "Mwombe radhi. Kisha umpeleke nyumbani kwake, ukaseme kwa mkewe kwa mdomo wako mwenyewe. Mbele ya majirani kama wapo. Sema dada yangu hana mwanaume, alidanganya. Usipunguze neno."

"Watakucheka."

"Wacheke. Umeahidi?"

"Nimeahidi." Kaka mtu akavuta pumzi, ikasikika ikikatika katikati. "Nakuja kukuchukua. Nije na mke wangu? Niwaambie wenzio wa kazini? Wako hapa nje, wanalia wote."

Mwanamke alitazama mguu wake, akatazama paa lililotoboka, ambalo usiku mbili alihesabu nyota kupitia matundu yake.

"Njoo peke yako, kaka," alisema. "Na njiani usitafute la kuniuliza."

Akarudisha simu. Sauti za watu wa machela zilianza kusikika zikipanda kijia, wakigombana kuhusu nani ashike mbele. Kobe alichagua ubao uliokuwa bado mzima, akaupima kwa mkono, akakaa kando ya mwanamke kuwangoja.